Kwenu Wapi? Mwongozo kwa Aliyekulia Njia Panda Anayebadili Kazi Ukubwani

Basi likisimama Nyololo Njia Panda, hujamaliza hata kushusha mzigo utaulizwa unaelekea wapi. Hapa barabara kuu ya Iringa na Mbeya inaachana na ile inayoingia kwenye chai, ikapita Igowole na Kibao hadi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Swali la pili huja baadaye, mkishakaa kwenye benchi la mama ntilie, jiko la mkaa likiwa miguuni na ukungu wa Juni umefunika malori: kwenu wapi?

La kwanza lina jibu. La pili limetushinda wengi. Baba yangu alitoka Ubena akiwa kijana, akaja Mufindi kuchuma chai. Mama alitoka Rungwe. Asubuhi tuliamka na "Kamwene" ya upande mmoja na "Ugonile" ya upande wa pili, shuleni ikawa "Shikamoo mwalimu", na tukigombana tuligombana kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo watoto wote wa kambi tuliijua mpaka matusi yake. Likizo tukienda kwa babu tuliitwa watoto wa chai. Rungwe tuliitwa Wabena. Wahehe wenye nchi, majirani zetu wa miaka yote, walituita wageni, tena kwa upole, huku wakitukaribisha ulanzi.

Miaka ya 1950 mwanazuoni wa Kimarekani, Ruth Hill Useem, aliyekuwa akifanya utafiti India, aliwapa watoto wa namna hii jina: watoto wa utamaduni wa tatu. Aliwatazama watoto wa wamisionari, wanadiplomasia na wataalamu waliofuata kazi za wazazi ng'ambo, akaona kwamba hawakulelewa kikamilifu na utamaduni wa wazazi wala wa wenyeji. Kambi za chai zilikuwa na watoto wa namna hiyo hiyo, ila hawakuja kwa ndege.

Makala hii ni kwa mtoto huyo akishakuwa mtu mzima wa miaka 35 au 50, ambaye anataka kubadili kazi, au ambaye kazi yenyewe imembadilikia. Na inabadilika. Mkono unaochuma majani mawili na chipukizi siku hizi unashindana na mashine. Kericho nchini Kenya, Mei 2023, ubishi huo ulifika mahali mashine za kuchumia chai zikachomwa moto. Kwa upande mwingine, miti, parachichi na biashara ya barabarani vimefungua kazi ambazo baba zetu hawakuziwaza. Anayebadili kazi hapa anakutana tena na lile swali la kwenye benchi, safari hii likiulizwa na ofisi. Habari njema ni kwamba ofisi haziliulizi kama linavyoulizwa benchini.

Ofisi inauliza nini hasa

Tuanze na mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mkataba ukivunjwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au amlipe gharama ya safari hiyo. Neno lililotumika ni mahali pa kuajiriwa. Kwa hiyo kijana aliyechukuliwa Rungwe akapandishwa gari la kampuni mpaka Mufindi ana dai. Mtoto wa kambi aliyeandikishwa kazi papo hapo kambini hana dai la nauli ya kwenda Ubena, hata kama makaburi ya babu zake wote yako huko. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri aandike maelezo ya ajira yako, na mahali ulipoajiriwa ni mojawapo ya mambo yanayopaswa kuandikwa. Fungua mkataba wako usome mstari huo leo, wakati bado uko kazini na karani bado anakuitikia salamu.

Cheti cha kuzaliwa nacho hufuata ardhi uliyoangukia. Niliwahi kumsindikiza dada mmoja mtu mzima aliyekwenda mara mbili Njombe kutafuta cheti kwa sababu baba yake ni wa Njombe. Alizaliwa Mufindi. Usajili wake ni wa Wilaya ya Mufindi, na makao makuu ya wilaya yako Mafinga, mwendo mfupi kwa basi kutoka Nyololo. Nauli zote alizolipa kwenda Njombe zilipotea bure. Kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kusajiliwa, RITA, wakala wa usajili, hudai vielelezo: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki kama mama aliihifadhi, cheti cha darasa la saba, kitambulisho. Wengi wetu wa kambini tunacho cha ubatizo, kwa kuwa mapadre na wachungaji walikuwa makini na madaftari yao kuliko wazazi wetu.

Halafu kuna ardhi, na hapa watu wa njia panda wanaogopa kuliko inavyostahili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, anayesimamia ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, na mkazi wa kijiji anaweza kuomba hakimiliki ya kimila bila kujali kabila lake. Sheria inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Anayekwambia hupati shamba Mufindi kwa kuwa wewe si Mhehe anakupa maoni yake. Lakini na wewe usinunue shamba kwa karatasi iliyoandikwa jikoni mbele ya mashahidi wawili na chupa ya soda. Muuzaji na mnunuzi waende halmashauri ya kijiji, jambo lijadiliwe, liingie kwenye muhtasari wa kikao, upewe nakala yenye muhuri. Nimeona watu wa umri wangu wakipoteza ekari walizolima miaka minane kwa sababu walimwamini shemeji wa muuzaji.

Majina

Hili nalitenga kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi, na kwa watu waliolelewa pande mbili ni ugonjwa wa karibu kila nyumba.

Upande wa mama, jina la ukoo huanza na Mwa-. Upande wa baba halianzi hivyo. Padre akaandika jina la ubatizo kwa tahajia ya kwao. Mwalimu wa darasa la kwanza akauliza jina la babu, mtoto akataja babu anayemjua, yaani baba wa mama. Nyapara naye, asubuhi ya kwanza ya kibarua, akaandika alichosikia kwenye upepo. Mimi binafsi nilikuwa na majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu, na mchango wangu wa hifadhi ya jamii wa miaka miwili ulikaa kwenye jina ambalo si langu wala si la mtu mwingine yeyote. Kulirekebisha kulinichukua zaidi ya mwaka, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliitumia nimesimama dirishani.

Fanya hivi. Andika jina lilivyo, herufi kwa herufi, kwenye kila karatasi uliyonayo: cheti cha kuzaliwa, cha shule, kitambulisho cha NIDA, kadi ya hifadhi ya jamii, mkataba, akaunti ya benki, laini ya simu. Tofauti ya tahajia, au jina la kati lililoachwa, kwa kawaida hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili, ikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Jina likiwa tofauti kabisa, au kama unataka kuliacha moja kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hizo mbili zisichanganywe. Nimeona mtu akilipia hati ya kubadili jina kwa ajili ya herufi moja ya "l" iliyogeuka "r".

Ushauri wangu, na hapa wengine watanipinga: chagua jina la kwenye cheti cha shule cha juu kabisa ulichonacho, mengine yote yafuate hilo. Baraza la Mitihani si mahali pepesi pa kurekebishia jina la mtu wa miaka 40. Kwa babu utaendelea kuitwa unavyoitwa.

Usiache kazi kwa hasira

Mtu anaamka siku moja amechoka na nyapara, anaandika barua ya kuacha kazi yenye mistari mitatu, anaondoka kichwa juu. Barua hiyo ina bei, na ni vizuri uijue kabla hujaiweka mezani.

Kwanza, kiinua mgongo cha kuachishwa kazi. Sheria inampa mfanyakazi aliyetumika mfululizo angalau miezi 12, na ambaye mwajiri ndiye amemwachisha, ujira wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hakihusu aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, wala aliyejiondokea mwenyewe. Tuseme ujira wako wa msingi kwa siku ni shilingi 6,000 na umetumika miaka 14. Inahesabiwa miaka 10: siku 70 mara 6,000, yaani shilingi 420,000. Si mali ya kujengea nyumba, ila ni mbegu na mbolea ya msimu, na kwa barua ya hasira unaiacha mezani kwa bosi.

Pili, fao la kukosa ajira. Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyechangia angalau miezi 18, akakosa kazi kwa sababu isiyo ya kujiuzulu, anaweza kuliomba. Aliyejiuzulu halipati. Michango yako yenyewe haipotei. Mfuko wa NSSF unapokea pia wanaojiajiri, kwa hiyo ukishaanza kazi yako mwenyewe unaweza kuendelea kuchangia badala ya kuuacha mfuko ulale.

Je, inamaanisha ubaki mpaka ufukuzwe? Hapana. Inamaanisha kama kampuni inatangaza kupunguza watu, usiitangulie kwa wiki mbili. Na kama umeamua kuondoka kwa hiari yako, ondoka kwa taarifa: kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, baada ya ule mwezi wa kwanza wa kazi. Dai malipo ya likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi. Cheti hicho watu wengi hawakiulizi, na miaka mitano baadaye hawana namna ya kuthibitisha kwamba waliwahi kusimama kwenye mizani ya chai.

Ukiachishwa isivyo halali, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa mkoa huu ofisi iko Iringa mjini. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapokelewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa kukuachisha. Madai mengine ya kazi, siku 60. Siku hizo huliwa na vikao vya ukoo. Peleka fomu kwanza, vikao vitaendelea huku fomu yako ikiwa na muhuri.

Kurudi darasani na mvi

Ukitoka Nyololo kuelekea Iringa utapita Ifunda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, maelfu ya Wapolandi waliofukuzwa makwao walihifadhiwa Tanganyika, na Ifunda ilikuwa na kambi yao. Nyingine ilikuwa Kidugala, upande wa Njombe. Watoto walisoma Kipolandi kwenye baridi ya Uhehe. Baadaye Ifunda ikawa na shule ya ufundi, na mafundi wa nchi nzima wakatoka hapo. Napenda kuikumbuka kila basi linapopita, kwa sababu mahali pale pamewapokea mara mbili watu waliokuwa wanaanza upya, na kila mara kwa namna tofauti.

Kwa mtu wa leo, milango iko zaidi ya mmoja, na unaokufaa unategemea ulipoishia.

Kama tayari una ujuzi wa mkono uliojifunza mtaani, useremala, uashi, umakanika, upishi, ushonaji, usianze kozi ya miaka miwili kujifunza unachokijua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, mapengo yako yanatajwa, unayajaza, unapewa cheti. Uliza kwenye vyuo vya VETA vya Iringa au Mbeya ni fani zipi zinapimwa kwa sasa na lini. Kwa fundi wa miaka 20 asiye na karatasi, huu ndio mlango wa kwanza, na nashangaa mpaka leo jinsi unavyojulikana kidogo huku kwetu. Vyuo hivyo vina kozi fupi pia, na nyingi hazimuulizi mtu kidato. Zinamuuliza kama anaweza kusoma, kuandika na kuamka mapema.

Aliyeishia darasa la saba na anataka cheti cha kidato cha nne anaweza kusoma kwa njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au kituo kingine cha kujitegemea, afanye Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa wengi kama QT, kisha ajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia ndefu. Nenda nayo kama kazi unayoitaka inadai cheti hicho kweli, mathalani uuguzi au ualimu. Kama unataka kufungua gereji, miaka hiyo itumie kwenye gereji.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vilibuniwa kwa ajili ya watu wazima na bado vinapokea mama mwenye mtoto mgongoni. Aliyemaliza sekondari na ana kazi asiyotaka kuiacha bado anaweza kusoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani ikiwemo Iringa na Mbeya. Na anayetamani usukani wa malori yanayopita hapa Njia Panda kwenda Tunduma ajue kwamba leseni ya gari dogo haimruhusu kuendesha lori. Aende akafundishwe magari makubwa kwenye chuo kinachotambulika, VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, asinunue karatasi kwa dalali wa stendi.

Aibu ya kukaa dawati moja na mtoto wa rafiki yako ipo. Inachukua kama wiki tatu kuisha, kwa ninavyokumbuka.

Ulichobeba bila kujua

Watu hupenda kumtaja Adam Sapi Mkwawa. Alizaliwa 1920, akawa Chifu wa Wahehe 1940, na uchifu ulipofutwa na serikali huru alikuwa tayari amekalia kiti kingine: Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, kisha tena 1975 hadi 1994. Mtu aliyekulia kati ya baraza la Kalenga na shule za Waingereza alijua kuwaongoza watu wanaozungumza kwa zamu. Ni mfano mzuri, ila yeye, mjukuu wa Chifu Mkwawa, alikuwa na ngazi ambazo mchuma chai hana, kwa hiyo nisiuvute sana.

Mfano wa karibu zaidi ni karani wa mizani. Miaka kumi amepima majani mabichi, ameandika kilo za watu sitini kila jioni, amesuluhisha ugomvi wa nusu kilo kwa lugha tatu. Mtu huyo anajiita kibarua. Kwa chama cha ushirika kinachokusanya parachichi au viazi, huyo ni mtunza hesabu ambaye wakulima wanamwelewa na kumwamini. Akiomba kazi na kuandika tu "nimefanya kazi kwenye chai", amejificha mwenyewe. Aandike: nimepima na kuweka kumbukumbu za mazao ya watu 60 kwa siku, nazungumza Kiswahili, Kibena na Kinyakyusa, nimesimamia malipo.

Lugha ni mtaji hasa kwenye barabara hii. Mnunuzi wa mbao kutoka Dar es Salaam anahitaji mtu atakayekaa na mzee wa Kihehe mwenye shamba la miti, amsalimie inavyopasa, asiharakishe bei kabla ya habari za nyumbani. Mnunuzi wa ndizi anayepanda Rungwe anahitaji hivyo hivyo. Dalali mwenye lugha moja hulipwa kwa gunia. Mwenye lugha tatu huitwa tena mwaka ujao. Ila tahadhari: tabia ya kumridhisha kila upande, tuliyoizoea tangu utotoni, ni nzuri kwenye msiba na mbaya kwenye biashara. Mimi duka langu la kwanza lilinishinda kwa kukopesha pande zote mbili za ukoo.

Nani aambiwe kwanza

Kila upande una mtu wake, na wewe unamjua. Kwa baba zangu haiwezekani nianze jambo kabla baba mkubwa hajasikia. Kwa mama, mjomba akisikia kwa watu atanuna mpaka Krismasi. Nenda mwenyewe, usipige simu, na uende kuomba ushauri kabla uamuzi haujaonekana usoni.

Nakumbuka nilivyosema. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba mwanangu, mbona umekuja siku ya kazi?" "Nimekuja kuomba ushauri, baba. Kazi ya kampuni nataka kuipumzisha." Alikaa kimya muda mrefu, akasema kampuni ina matibabu, ina nyumba, na mimi nina watoto. Alikuwa sahihi kwa yote matatu. Ndiyo maana ilibidi niende na majibu: tutahamia wapi tukitoka nyumba ya kampuni, watoto watatibiwa kwa bima gani, chakula cha miezi sita kiko wapi. Wazee wengi hawapingi mabadiliko. Wanachopinga ni mtu mzima kurudi na familia kuomba chumba.

Mtaji na majira yake

Kosa kubwa la watu wanaoacha kazi Mufindi ni kupanda miti kwa fedha yote waliyonayo. Paini ya mbao nzuri inataka miaka kuanzia kumi na kitu hadi zaidi ya ishirini. Parachichi la kupandikizwa huanza kuzaa takriban mwaka wa tatu. Viazi ni miezi. Mwenye mshahara anaweza kupanda miti. Aliyeacha mshahara aanze na cha miezi, kisha cha miaka mitatu, miti iwe ya mwisho, kwa ajili ya watoto. Jaribu kazi mpya siku za mapumziko kwa msimu mmoja mzima kabla ya kuacha ya zamani, uone inalipa nini wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 ili kurekebishwa, ukarejea 2024. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata itakueleza masharti ya umri na usajili wa kikundi. Mwanamume wa miaka 50 hatapata nafasi rahisi humo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973 na lenye ofisi mikoani, linaweza kumfaa zaidi kwa mafunzo ya usindikaji na ushauri. Kikundi cha kuweka na kukopa cha watu mnaojuana kinafaa kila umri, mradi daftari lisikae kwa mtu mmoja.

Mikopo ya kausha damu, ile inayotolewa kwa dakika kumi na kudaiwa kila siku, iepuke kabisa mwaka wa kwanza. Mkopeshaji halali ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na haogopi kukuonyesha. Anayechukua kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana amekwishajieleza.

Jioni ya leo, kabla hujaandika barua yoyote, toa ile bahasha iliyo chini ya godoro. Panga karatasi zote mezani, usome jina lako kwenye kila moja kwa sauti, na mtoto anayejua kusoma akufuatilie. Pale yatakapotofautiana, weka alama kwa kalamu ya risasi. Kesho panda basi la kwanza la Mafinga.